Ua Lisilonukia

Kiswahili kimewapa washairi wake neno moja kwa vitu viwili. Chozi ni tone la maji litokalo jichoni, na chozi ni ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, apitaye ua kwa ua akifyonza utamu wake. Watunzi hupenda kuuchezea utata huo, na si ajabu, kwani ndege mwenyewe huonekana kama kitu kilichodondoka: kidogo, chenye kumeta, kisichokaa mahali pamoja. Kisiwani Pemba yuko chozi asiyepatikana penginepo duniani, na wataalamu wamempa jina la kisiwa, Cinnyris pembae. Dume lake ni la kijani kinachong'aa kama hariri iliyogeuzwa juani, na kifuani lina mshipi wa zambarau. Watoto wa Wete na Chake Chake wamemzoea mno hata hawamtazami.

Mmoja wa watoto hao alikua, akaolewa, na mwaka 2003 akamfuata mumewe Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Mwaka 2006 walinunua nyumba ndogo ya matofali kusini-magharibi mwa jiji, yenye kipande cha ardhi nyuma kisichozidi urefu wa jahazi. Kazi yake ilikuwa ya zamu za usiku, kuwahudumia wazee wasiojiweza, na aghalabu alirudi nyumbani kunapambazuka. Alichokitamani saa hiyo hakikuwa usingizi. Alitaka kukaa kwenye ngazi ya mlango wa uani, na chai mkononi, amwone chozi akipita juu ya ua. Hakumwona. Ndipo alipoamua kupanda bustani ya kumwita, na akaipanda kama walivyopanda mama yake na bibi yake, yaani kwa pua.

Maana bustani ya mtu wa pwani haijengwi kwa jicho kwanza. Asumini hupandwa karibu na dirisha la chumba cha kulala ili harufu yake iingie usiku. Mlangilangi huachwa urefuke nyuma ya nyumba. Mrehani hukaa karibu na mlango, kilua hutafutwa kikafungwa katika kikuba, na waridi hufanywa marashi. Maua ya namna hiyo huvunwa, hutungwa, huvaliwa nyweleni na hutandazwa kitandani mwa bibi harusi. Ushairi nao umefuata mkondo huo huo: mpenzi akiitwa ua, aghalabu husifiwa kwa kunukia kabla ya kusifiwa kwa rangi, na ua zuri lisilo na harufu huwa mfano wa mtu mwenye sura asiye na tabia. Kwa hiyo mwanamke wa Wete alinunua asumini katika duka la miche, akaipanda chini ya dirisha mahali penye jua kamili. Akaongeza gadenia na waridi. Baada ya miaka mitatu uani kulinukia hata majirani wakawa wanaulizia. Usiku walikuja nondo. Mchana hakuja ndege yeyote wa aina aliyemtaka.

Kosa halikuwa la ardhi ya Texas. Harufu ni mwito, na kila mwito una aitwaye. Ua jeupe linukialo usiku kwa kawaida huwaita nondo, ambao hulifuata kwa harufu na huliona kwa weupe wake gizani. Ndege wafyonzao maua hawaongozwi na pua. Huongozwa na jicho na kumbukumbu. Maua yaliyokua pamoja nao tangu zama za kale aghalabu ni mekundu au ya rangi ya moto, yana umbo la bomba jembamba, yamejaa mbochi, yaani maji matamu ya ua, na hayana harufu ya kutajika. Hata wekundu wenyewe una hila ndani yake. Nyuki hauoni wekundu kama binadamu auonavyo, hivyo mara nyingi hupita, na karamu hubaki kwa mwenye mdomo mrefu. Wala si kwamba ndege huzaliwa akiipenda rangi hiyo. Hujifunza, kama mtoto ajifunzavyo mlango wa nyumba yenye vitumbua.

Ukilitazama jambo hili vizuri, asumini ya Wete haikuwa ikimlisha chozi hata kule Wete. Chozi alikuja uani kwa ajili ya ua kubwa la mgomba lining'iniapo chini ya mkungu, kwa ajili ya maua ya mnazi, na kwa ajili ya vichaka vya uzioni ambavyo hakuna mshairi aliyejisumbua kuvisifu. Binadamu alipanda asumini kwa ajili yake mwenyewe, ndege akaja kwa sababu zake, na kumbukumbu ikawaweka wote wawili katika picha moja.

Aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa jirani, mzee mwenye asili ya Meksiko. Walizungumza kwa Kiingereza ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao. Mzee huyo alimwita ndege wa Marekani kwa Kihispania, chuparrosa, yaani mfyonza-waridi, kisha akacheka na kusema kwamba jina hilo linampotosha mpandaji, kwani waridi si ua analolijali sana. Huko Meksiko, katika baadhi ya masoko, ndege huyu aliyekaushwa huuzwa kama dawa ya mapenzi, amefungwa kwa uzi mwekundu pamoja na sala. Habari ambayo haitamshangaza sana msomaji wa pwani anayejua yauzwayo katika masoko ya kwao. Marekani haina mzaha na jambo hilo: sheria ya mwaka 1918 ya kuwalinda ndege wahamao inakataza hata kuweka unyoya wake bila ya kibali.

Ilikuwa mwaka 2009. Mzee alipitisha juu ya uzio kitawi kilichokatwa, kirefu kama mkono mpaka kwenye kiwiko, akaonyesha kwa kidole mahali pa kukichomeka: chini ya mwaloni, penye kivuli, ambapo waridi lilikuwa limekwisha kufa mara mbili.

Watu wa Texas hukiita kichaka hicho kwa jina lenye maana ya kilemba cha Mturuki. Kwa wataalamu ni Malvaviscus arboreus. Ni jamaa wa haibiskasi, na kwa hiyo ni jamaa wa mbamia, mpamba na choya pia. Ua lake ni jekundu tupu, la ukubwa wa kidole gumba, na halifunguki kamwe. Petali zake hubaki zimejikunja moja juu ya nyingine kama kitambaa cha kilemba, na katikati huchomoza kijiti chembamba chenye chavua kichwani. Asiyelijua hudhani ni haibiskasi ambayo bado haijachanua, akaahidi kuja kuitazama kesho. Mwanamke wa Wete aliingoja wiki nzima. Ndugu yake, mwenye maua marefu zaidi yaliyoinama, hupandwa katika nchi nyingi za joto, Afrika Mashariki ikiwamo, na huenda msomaji anaye uzioni kwake bila ya kujua kwamba asili yake ni Amerika. Chozi, ambaye hakukua naye, huweza kutoboa tundu katika kitako cha ua na kunywa kwa mlango wa nyuma, asiguse chavua hata kidogo. Ndege wa Marekani huingia kwa mlango wa mbele na kutoka na vumbi la njano kwenye paji la uso, na hivyo hulipa alichokunywa.

Kilemba hakidai mengi. Hustahimili kivuli, ukame na udongo mzito wa mfinyanzi kama ule wa Houston. Mwisho wa kipupwe hukatwa kikabaki kifupi, nacho huchipua kwa nguvu mpya. Jambo moja tu hukiharibia kazi yake, nalo ni dawa ya kuulia wadudu. Ndege afyonzaye maua haishi kwa utamu peke yake: hula vijidudu na buibui wadogo, na makinda hulishwa hao zaidi ya kitu kingine. Anayepulizia majani dawa ili ua lipendeze, amemnyima mgeni nyama akamkaribisha kwa sharubati.

Ndege wa kwanza alifika Septemba 2010, saa moja ya asubuhi. Kwanza alisikika. Mbawa zake hupiga mara 50 hivi kwa sekunde moja, na uvumi wake ni kama wa dumuzi mkubwa. Kisha akaonekana amesimama hewani mbele ya ua, bila ya kushika tawi, akaingiza mdomo, akarudi nyuma kinyumenyume, akahamia ua la pili. Uzito wake ni gramu 3 hivi, kuzidi kidogo sarafu ya senti moja ya Kimarekani. Koo lilikuwa jeusi. Akageuka kidogo kulielekea jua, likawaka kama yakuti nyekundu. Akageuka tena, likazimika. Wekundu huo si rangi iliyopakwa katika unyoya, bali ni mchezo wa nuru katika umbo la unyoya wenyewe, ndiyo maana huja na kwenda. Kati ya aina zaidi ya 300 za ndege hawa, ambao wote ni wa mabara ya Amerika, ni huyu mmoja tu mwenye koo la yakuti anayezaliana mashariki ya Amerika ya Kaskazini.

Jumamosi ile, kama ilivyokuwa desturi, alimpigia mama yake simu.

"Mama, nimemwona chozi."

"Chozi wa huko?"

"Anafanana naye. Lakini huyu hatui. Anakunywa amesimama hewani."

"Basi ana haraka ya Kimarekani. Anakunywa ua gani?"

Akalieleza: jekundu, dogo, limefungwa kama kilemba.

"Linanukia?"

"Halinukii, mama."

Kimya kikapita katika simu, kisha yule mama akauliza, "Ua lisonukia la kazi gani, mwanangu?"

"La ndege."

"Na wewe umebakiwa na nini?"

Swali hilo halikujibiwa siku ile, na lilirudi mara nyingi kwa sura nyingine. Kila Jumamosi mama aliulizia asumini: imechanua? imemwagiwa maji? nani anayeitunga? Habari za ndege alizisikiliza kwa adabu, kama mtu asikilizavyo habari za harusi ya watu asiowajua.

Jina lenyewe nalo lilikuwa na ubishi wake. Kwa elimu ya viumbe, chozi na ndege huyu hawana udugu wa karibu. Chozi yuko katika kundi moja kubwa na shomoro na kurumbiza; mwenzake ni jamaa wa teleka, wale ndege wa kasi wafananao na mbayuwayu. Ua ndilo lililowafananisha, likawapa wote wawili mdomo mrefu, ulimi wa kufyonza na vazi la kumeta, kila mmoja upande wake wa bahari. Akiitwa ndege mvumaji, atakuwa ameelezwa kwa sauti ya mbawa zake. Akiitwa kolibri, atakuwa amekuja na jina la mkopo. Mwanamke wa Wete aliendelea kumwita chozi, na kama ni upotofu basi ni upotofu wenye mantiki. Lugha huita kitu kwa kazi kikifanyacho mbele ya macho, na kazi ni ile ile.

Desturi za ndege huyu si ngeni kwa watu walioishi kwa kusi na kaskazi. Mwezi Machi hutoka Meksiko na Amerika ya Kati, akapanda kaskazini, wengine mpaka kusini mwa Kanada. Huko jike hujenga kiota peke yake kwa nyuzi laini za mimea na utando wa buibui, kikubwa kama nusu ya limau dogo, akaweka mayai mawili mfano wa njegere. Agosti safari ya kurudi huanza. Kabla ya kuvuka Ghuba ya Meksiko hula mpaka uzito wake ukakaribia kuwa mara mbili, kwa kuwa mbele yake pana kilomita 800 hivi za maji bila ya tawi la kutua. Wengine hawathubutu, hufuata ukingo wa pwani ya Texas wakienda polepole. Houston iko kwenye njia hiyo, na Septemba ndiyo bandari imejaa. Kilemba huanza kuchanua mwanzo wa kiangazi na huendelea mpaka baridi, kwa hiyo katika wiki zile za shehena huwa kimejaa maua. Chupa za maji ya sukari, ambazo watu wengi wa huko huzitundika barazani, mwanamke wa Wete alizidharau. Aliona ni sawa na kumkaribisha mgeni kwa kumpa fedha akale mkahawani.

Mwaka 2012 aliongeza kichaka cha pili, Hamelia patens, mwenye maua ya rangi ya moto kama vibomba vidogo, jamaa wa mbuni, ule utoao kahawa. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wa kweli. Kichaka hicho hupenda jua tupu, na uani mahali penye jua tupu palikuwa pamoja tu: chini ya dirisha, penye asumini. Mzee jirani alishauri asumini ing'olewe, kwani ina nini zaidi ya harufu? Ushauri ulikuwa sahihi kwa anayehesabu ndege. Haukufuatwa. Hamelia alipandwa pembeni, penye nusu ya kivuli, akachanua nusu ya alivyoweza.

Agosti 2017 kimbunga Harvey kilimwaga mvua iliyozidi milimita 1,000 katika baadhi ya maeneo ya Houston. Maji yalisimama uani siku mbili, yakapwa kabla ya kufika kizingiti. Wiki tatu baadaye ndege walikunywa katika vichaka vilivyopakwa tope mpaka kiunoni, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Juni 2018 mama alifariki Wete. Simu ililia Houston kabla ya alfajiri, na alasiri ya Pemba alikuwa amekwisha kuzikwa. Hapakuwa na ndege ya abiria ambayo ingeweza kuiwahi jeneza. Khitma ilisomwa katika nyumba ya matofali. Asumini ilikuwa imechanua, na kwa kuwa chumba kilijaa watu dirisha liliachwa wazi. Wanawake waliingia, wakavuta pumzi, na mmoja wao, aliyetoka Mombasa, akaanza kulia kabla hata hajapeana mkono na mfiwa. Hamelia asingeweza kufanya kazi hiyo.

Kisha ikaja Februari 2021. Tarehe 16 baridi katika Houston ilishuka mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri, umeme ukakatika kwa mamilioni ya watu wa Texas, na zaidi ya watu 200 walikufa katika jimbo zima. Ndani ya nyumba ya matofali mabomba yalipasuka. Kabla ya usiku ule kuingia, mwanamke wa Wete alitoka na mablanketi mawili yaliyobaki baada ya kila mtu kufunikwa. Kilemba na hamelia hakuvitazama. Mablanketi yote mawili aliyafunga juu ya asumini, akalundika majani makavu kwenye shina, akaweka na kanga juu, ambayo haikuweza kusaidia kitu.

Theluji ilipoyeyuka kila kitu uani kilikuwa cheusi na kimelegea kama mboga iliyopikwa. Ndege walirudi Machi kwa wakati wao, maana waliondoka Meksiko bila ya habari, wakaikuta pwani nzima haina maua. Huo ndio mwaka alioshuka kutoka kwenye kiburi chake na kununua chupa: kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, bila ya rangi na bila ya asali, ikioshwa kila baada ya siku mbili au tatu joto likizidi. Walikunywa humo bila ya kuona aibu kwa niaba yake.

Mwishoni mwa Machi vilichomoza vichipukizi vya kilemba, vitano, kisha kumi na viwili, vikitoka katika mzizi ambao hakuna aliyeufunika. Hamelia alichelewa mpaka mwishoni mwa Aprili, hata akawa amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu, naye akachipua. Asumini aliikwangua gamba kwa ukucha kila Jumamosi, shina kwa shina, akitafuta kijani. Juni aliacha kuikwangua. Julai mzee jirani alivuka na sururu bila ya kuitwa, akaing'oa, na hakusema alichokuwa amekishauri miaka tisa nyuma.

Mahali pale chini ya dirisha sasa pana hamelia, aliyehamishwa penye jua, na kila Septemba huwa mwekundu toka ardhini hadi kwenye kioo. Madume mawili hupigania hapo kutwa, kila mmoja akidai kichaka kizima kana kwamba ndiye aliyekipanda. Asumini mpya imo katika chungu chenye magurudumu. Jioni husukumwa mpaka mlangoni, na redio ikitaja baridi huingizwa ndani, ikalala jikoni kando ya ndoo ya mchele.